Kompyuta Yasaidia Kupima Miale Iliyofichika Mwilini

Mnamo Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, wanaume wawili waliingia katika jengo lililohamwa na zahanati ya saratani. Walichukua chombo cha kutibia wagonjwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu 137 uliong'aa buluu gizani. Watu waliushika, wakajipaka, na wengine wakaumeza pamoja na chakula bila kujua. Wanne walifariki, akiwemo msichana wa miaka sita. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakapatikana na uchafu huo.

Uchafu ulio juu ya ngozi huoshwa kwa maji na sabuni. Je, ulioingia ndani daktari ataujuaje kiasi chake?

Sesiamu hutoa miale isiyoonekana ambayo hupenya nyama na kutoka nje. Mgonjwa hulala au huketi tuli karibu na mashine inayoihesabu. Lakini mashine hunasa sehemu ndogo tu. Miale mingi huelekea kwingine, na mingine hufyonzwa na nyama na mifupa kabla ya kutoka.

Hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Wataalamu huunda ndani yake mwili wa mfano, wenye mifupa, mapafu, ini na viungo vingine. Mnamo 2009 tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya miale, ICRP, ilichapisha miili miwili ya aina hiyo: mwanamume wa sentimita 176 na kilo 73, na mwanamke wa sentimita 163 na kilo 60. Kompyuta huigiza mamilioni ya miale ikitoka katika mwili huo, na kufuata njia ya kila mmoja.

Tuseme kompyuta yaonyesha kuwa katika kila miale 1,000, mashine hunasa 2. Basi mashine ikihesabu 20 kwa sekunde, utajua kuwa mwilini imetoka 10,000.

Umbo la mtu ni muhimu katika hesabu hii. Mwili mnene hufyonza miale zaidi. Mtu mnene akipimwa kwa hesabu ya mwembamba, ataonekana ana sesiamu kidogo kuliko aliyo nayo, na huenda akanyimwa dawa anayohitaji.

Dawa ipo. Kule Goiânia watu 46 walipewa ile iitwayo Prussian blue, ambayo huinasa sesiamu tumboni na kuitoa kwa haja kubwa. Bila dawa, nusu ya sesiamu humtoka mtu mzima kwa takriban siku 110. Akiimeza, muda huo hupungua hadi karibu siku 30.

Nawe msomaji, hasa unayeshughulika na vyuma vikuukuu, ukiona chombo kizito chenye alama ya kitone kilichozungukwa na mapanga matatu, usikifungue wala kukipeleka nyumbani. Waondoe watoto, kaa mbali, kisha uwaarifu polisi.