Kabla ya kujenga ploti Kitui au Makueni: pima maji, shamba na miezi mitupu

Anayestaafu kazi au kupata mkopo wa SACCO huko Wote, Mwingi au Kitui mjini hukosi kumsikia akiambiwa: jenga ploti, ukae ukila kodi. Ushauri huo una msingi. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji hii imepokea wafanyakazi wa ofisi, wauguzi na wafanyabiashara wanaotafuta pa kulala. Shida ni kwamba wengi hujenga kwanza na kutafuta mpangaji baadaye, na akiba ya miaka mingi ikakwama kwenye matofali. Haya ndiyo ya kupima kabla fundi hajachimba msingi.

Mjue mpangaji

Pale Kwa Vonza, soko kubwa ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU). Masomo yakiendelea vyumba hujaa. Likizo ndefu ikifika, wengi hurudi makwao. Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, aliyetegemea wanafunzi peke yao alibaki bila mapato. Wote na Kitui mjini, mpangaji anaweza kuwa mfanyakazi wa kaunti. Pesa za kaunti zikichelewa kutoka hazina ya taifa, mshahara wake huchelewa, na kodi ya nyumba pia. Emali, Kibwezi na Mtito Andei ziko kando ya barabara ya Mombasa, na watu wa biashara za barabarani huhama upesi.

Kwa hiyo tembea mtaa unaoutaka. Uliza wasimamizi wa ploti: vyumba vingapi viko wazi, kodi ni ngapi, watu wanahama kwa sababu gani? Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama ujenge vyumba vya mtu mmoja, bedsita au nyumba za familia.

Maji yatakupa wapangaji au kuwafukuza

Katika kaunti hizi, mpangaji huuliza maji kabla ya kuuliza rangi ya ukuta. Mfereji unaweza kukauka kwa siku kadhaa, na maji ya visima virefu sehemu nyingi yana chumvi. Usipojipanga, utanunua maji ya boza kiangazi chote.

Vuna maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba, msimu ukileta milimita 300, hupokea lita 30,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, unabaki na 24,000. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa zaidi Ukambani, basi gata na tangi viwe tayari mwezi Septemba. Weka bei ya tangi kwenye bajeti ya ujenzi tangu mwanzo.

Shamba la nani?

Ardhi nyingi ya familia bado ina jina la babu aliyefariki, na kuna sehemu za Kitui ambazo hazijamaliza kupimwa na kupewa hati. Ukijenga hapo kwa makubaliano ya mdomo, ndugu wanaweza kudai vyumba siku vitakapoanza kuleta pesa. Malizeni urithi kwanza. Ukinunua, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali, na kama ni shamba la kilimo, ombeni idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 ya makubaliano. Kisha chukua kibali cha ujenzi cha kaunti, kama inavyotaka Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Hesabu ya kweli

Tuchukue mfano wa vyumba 10 vya shilingi 4,000 kila kimoja. Kwenye karatasi ni 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Kila chumba kikikaa kitupu miezi 2, zinabaki 400,000. Tangu Januari 2024, ushuru wa kodi za makazi ni asilimia 7.5 kwa mwenye mapato ya zaidi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Hutozwa kwenye kodi yote uliyopokea, bila kuondoa gharama, na hulipwa kwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo zinatoka 30,000. Mpe msimamizi 5,000 kwa mwezi, tenga 40,000 kwa mwaka za rangi, mabomba na vitasa, nawe unabaki na 270,000, sawa na 22,500 kwa mwezi. Aliyechukua mkopo wa kulipa 30,000 kila mwezi ameshaanza kuzama.

Kila kodi iingie kwa M-Pesa au benki, nawe uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba na sheria

Andika mkataba hata na binamu au mwenzako wa kanisani: kodi, tarehe ya kulipa, amana na masharti ya kuirudisha, nani analipa maji na stima. Piga picha za chumba siku mpangaji anapoingia.

Akichelewa, usimfungie mlango wala kung'oa mabati. Nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na kumtoa mpangaji wake kunahitaji amri ya mahakama maalum ya kodi. Kwa upande wa maduka na hoteli, kukodisha bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, kunamlinda mpangaji: notisi rasmi ya angalau miezi 2 ni lazima, naye anaweza kuipinga mbele ya mahakama maalum ya majengo ya biashara.

Ukiweza, anza na vyumba 4 badala ya 10, na msingi unaokubali kuongezwa. Endesha hivyo mwaka mzima, masika na kiangazi, ukiweka akiba ya angalau miezi 3 ya matumizi. Vikijaa na daftari likionyesha faida, ongeza vingine kwa pesa zilizotoka kwa wapangaji wenyewe.