Kusubiri viza na kumwona daktari: somo kutoka kwa wakimbizi wa Ukraine



Katika vikao vyetu na familia zilizorudi kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, swali moja linarudi kila mara. Je, mtu anayengoja kupelekwa nchi ya tatu ajiandikishe mahali alipo, au akae kimya asije akaharibu safari yake? Wengine wameambiwa na jirani, au na mtu anayekula pesa za watu, kwamba jina likiisha kuingia katika daftari la nchi moja, nchi nyingine haitakupokea tena. Kwa sababu ya neno hilo tumekutana na wamama wajawazito waliokwepa kliniki, na mzee wa presha aliyekuwa akimeza nusu kidonge leo, kesho hakuna.

Tumeamua kujibu kwa kuangalia wakimbizi wa Ukraine. Hatusemi kwamba mateso yao yanapita yetu. Ni kwamba sheria walizowekewa zinajulikana vizuri, tarehe kwa tarehe, na ndani yake tunaona wazi mahali ambapo karatasi na dawa vinakutana.

Mlango uliofunguliwa

Urusi ilianza kuishambulia Ukraine nzima tarehe 24 Februari 2022. Katika majuma machache mamilioni ya watu walivuka mipaka, wengi wakiingia Poland. Walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee, kwa kuwa sheria ya vita iliwazuia wanaume wengi wa miaka 18 hadi 60 kutoka nchini.

Tarehe 4 Machi 2022 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria ya ulinzi wa muda. Sheria hiyo iliandikwa mwaka 2001, baada ya vita vya Yugoslavia ya zamani, ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kutumiwa hata mara moja. Chini yake mkimbizi hakuhitaji kungoja kesi yake isikilizwe peke yake. Alipewa ruhusa ya kukaa, kufanya kazi, kupeleka watoto shuleni na kutibiwa. Muda wake umeongezwa mara kadhaa, na sasa unafika tarehe 4 Machi 2027.

Lakini haki iliyo katika sheria inahitaji namba ili ifanye kazi. Huko Poland, kuanzia tarehe 16 Machi 2022, Waukraine walikwenda katika ofisi za komine kupigwa picha, kutoa alama za vidole na kupata PESEL, yaani namba ile ile ambayo raia wa Poland hutumia kwa matibabu, benki na posho ya watoto. Mjini Warsaw watu walikuwa wengi mno hata uwanja wa mpira wa taifa ukageuzwa kuwa mahali pa kuandikisha. Ndugu zetu waliopita katika uwanja wa Rugombo, Burundi, mwanzoni mwa 2025, wanajua foleni ya uwanja wa mpira inavyokuwa, ingawa pale Rugombo wengi walilala chini bila paa.

Mambo hayakuwa laini siku zote. Mwanzoni sheria ya Poland iliwahesabu tu waliovuka moja kwa moja kutoka Ukraine. Aliyepitia Slovakia au Romania alibaki nje, mpaka sheria iliporekebishwa kabla ya mwisho wa mwezi ule wa Machi.

Mama anayesema "juma lijalo tunaondoka"

Wengi hawakutaka kubaki Poland. Walikuwa na dada Uingereza, au mjomba Kanada. Uingereza haikuwaondolea viza. Ilifungua mpango wa familia tarehe 4 Machi 2022, na tarehe 18 Machi mpango wa nyumba, ambamo Mwingereza anajitolea kumpokea mkimbizi nyumbani kwake. Kanada ilifungua mpango wake tarehe 17 Machi, na Marekani tarehe 25 Aprili. Kila mpango ulikuwa na fomu zake.

Tufikirie mama mmoja wa Kharkiv mwenye ugonjwa wa sukari na watoto wawili. Ni mfano tu, si mtu halisi. Yeye ana pasipoti, na tangu tarehe 15 Machi mwenye pasipoti aliweza kuomba viza ya Uingereza kwa intaneti bila kwenda kutoa alama za vidole kwanza. Lakini mtoto mdogo ana cheti cha kuzaliwa tu, kwa hiyo lazima apelekwe kwenye kituo cha viza na kungoja. Barua ya mama inatoka. Ya mtoto haitoki. Mama hawezi kumwacha.

Hapa ndipo kosa linapoingia. Kila siku mama anajiambia: "Juma lijalo tunaondoka, ya nini kupanga foleni ya namba?" Juma linakuwa mwezi. Insulini aliyobeba katika mkoba inapungua. Sheria ilimruhusu kutibiwa hata kwa muhuri wa mpakani, lakini madaktari na maduka ya dawa walizoea kufanya kazi kwa namba, na asiye nayo alianza kila mahali kwa maelezo marefu, katika lugha asiyoijua.

Je, kama angejiandikisha Poland, angepoteza viza ya Uingereza? Hapana. Wala ile ya Kanada. Mipango hiyo iliwapokea Waukraine waliokuwa tayari katika nchi nyingine. Jambo moja tu alipaswa kulijua: akitoka Poland zaidi ya siku 30, ulinzi wa Poland ulimwisha, na huko aendako lazima aandikishwe upya. Namba haikumfunga, lakini haikumfuata pia.

Na mwenye kungoja sana anaweza kukuta mlango umefungwa. Kanada iliacha kupokea maombi tarehe 15 Julai 2023. Uingereza ilifunga mpango wa familia Februari 2024. Marekani ilisimamisha wake Januari 2025. Poland yenyewe, mwaka 2025, ilianza kupunguza baadhi ya matibabu kwa Waukraine watu wazima. Aliyekuwa amekaa bila namba akitegemea viza alibaki mikono mitupu pande zote mbili.

Ugonjwa hauangalii foleni

Kuna magonjwa yanayovumilia siku chache, na kuna yasiyovumilia. Insulini, dawa za kifafa, dawa za kurefusha maisha kwa wenye virusi vya UKIMWI, dawa za kifua kikuu: hizi hazikatwi. Ukraine na Congo zote mbili zimekuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu sugu. Mgonjwa akikatiza matibabu kwa sababu ya safari, vijidudu vinazoea dawa, na atakapofika aendako atahitaji dawa kali zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Marekani iliwataka Waukraine kupimwa kifua kikuu ndani ya siku 90 za kufika, na Kanada nayo iliwapa siku 90 za kwenda kwa daktari. Kipimo hicho kilikuja baada ya safari. Hakikumkinga mtu aliyekatiza dawa akiwa njiani.

Tatizo lingine ni dogo, lakini lilisumbua. Karatasi nyingi za hospitali za Ukraine zimeandikwa kwa herufi ambazo daktari wa Ulaya Magharibi hawezi kusoma, na jina la dukani la dawa hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Aliyekuwa na jina la dawa yenyewe, si la kampuni, pamoja na kipimo chake kwa siku, alisaidiwa upesi. Tunashauri kila familia kumwomba mwuguzi aandike hayo wakati wa amani, na picha yake ikae katika simu ya mtu mwingine pia.

Wanafunzi wetu

Tusiache jambo moja ambalo wasomaji wetu watauliza. Siku zile Waafrika waliokuwa wakisoma Ukraine, na Wakongomani walikuwamo, walisukumwa nyuma kwenye treni na mipakani. Tarehe 28 Februari 2022 Umoja wa Afrika ulilaani ubaguzi huo. Hata baada ya kuvuka, mwanafunzi mwenye kibali cha muda hakuingia moja kwa moja katika ulinzi ule wa Ulaya. Kila nchi iliachiwa kuamua. Poland iliwapa siku 15 za kukaa. Bomu lilikuwa moja, mlango haukuwa mmoja. Tunalisema bila chuki kwa Waukraine, ambao si wao walioandika sheria za Ulaya.

Kwa sisi hapa

Mkongomani aliyekimbilia Burundi au Uganda hana ulinzi kama ule, na hatutaki mtu achanganye. Lakini kwa swali tuliloanza nalo jibu lina nguvu zaidi kwetu. Shirika la UNHCR linapopendekeza watu wapelekwe nchi ya tatu, huwatoa miongoni mwa walioandikishwa. Asiyeandikishwa hana faili, hata awe mgonjwa kiasi gani. Huduma hiyo haiuzwi. Anayedai pesa ni mwizi. Na tangu Marekani ilipositisha kupokea wakimbizi Januari 2025, kungoja kumekuwa kurefu zaidi, basi matibabu ya mahali ulipo ndiyo matibabu uliyonayo.

Zoezi kwa vikundi: kila mtu aweke mezani karatasi alizonazo, kadi ya mpiga kura, jetoni, cheti cha mtoto, kadi ya chanjo. Kisha muulizane: kama tungevuka usiku huu, ni mtoto gani hana karatasi hata moja? Ni nani kati yetu anayemeza dawa asiyojua jina lake? Andikeni majibu, na mkutano ujao mwanzie hapo.