Kusomea Unyozi: Cheti, Kibali na Karo Bila Kuchomwa

Karibu kila mtaa Kenya una kinyozi. Kibanda cha mabati, kioo kikubwa, viti viwili, redio, na picha za vichwa vilivyonyolewa kila mtindo. Pita hapo Jumamosi jioni uone foleni. Wengi huitazama hiyo foleni na kusema, "Hii kazi mimi naiweza." Na kweli unaiweza. Lakini kati ya kujua kushika mashine na kuwa fundi mwenye karatasi kuna safari, na safari hiyo ina mahali pengi pa kupoteza pesa.

Somo letu leo ni hilo: usomee wapi, upate karatasi gani, na ulipe vipi bila kuchomwa.

1. Jua karatasi tatu, usizichanganye

Ya kwanza ni cheti cha shule. Hiki kinasema ulihudhuria mafunzo na kumaliza.

Ya pili ni cheti cha mtihani wa ufundi wa serikali, ule mafundi huuita Gredi. Unasimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Unaanza na Gredi ya 3, unapanda hadi ya 2, kisha ya 1. Kuna kazi ya mikono na kuna maswali. Hapo hupimwi kwa shule uliyotoka, unapimwa kwa unachoweza kufanya.

Ya tatu ni kibali cha biashara kutoka kaunti. Hiki ni cha duka. Askari wa kaunti akipiga hodi, hicho ndicho atakachouliza kwanza, na afisa wa afya naye ataangalia usafi. Ukicheza muziki kwa wateja, kuna leseni ya muziki pia.

Mtu akikuambia, "Lipa kwetu upate zote tatu pamoja," shtuka. Shule haitoi kibali cha kaunti.

2. Kagua shule kabla ya kutuma hata shilingi

Taasisi za ufundi zinasajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Ingia kwenye tovuti yao uangalie kama jina la shule lipo. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ofisini, maana karatasi huchapishwa popote. Kisha uliza maswali haya manne:

- Kozi ya unyozi yenyewe imeidhinishwa, au ni shule tu iliyosajiliwa?
- Mwishoni nitafanya mtihani wa nani?
- Nitanyoa vichwa vya watu halisi mara ngapi kwa wiki?
- Karo inajumuisha nini? Mashine, aproni, spiriti, ada ya mtihani?

Hilo swali la mwisho ndilo huuma. Karo inaweza kuonekana nafuu kwenye bango, kisha ukishaingia unaambiwa ununue mashine yako na ulipe mtihani kando. Omba orodha ya malipo yote kwa maandishi kabla ya kujiandikisha.

Usisahau pia vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, zile zilizojulikana zamani kama politekniki za vijiji. Tangu Katiba ya 2010 ziko chini ya kaunti. Uliza kilicho karibu nawe kama kina kozi ya nywele na urembo. Na ukiingia taasisi ya ufundi ya umma, uliza kuhusu mkopo wa HELB, si wa vyuo vikuu peke yake.

3. Tayari unanyoa? Huenda huhitaji kuanza chini

Wengi walijifunza kazi kwa kusimama kando ya fundi, wakifagia nywele hadi siku walipopewa mashine. Kama ni wewe, mtihani wa Gredi uko wazi kwako hata kama hukuketi darasani. Pia kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambapo mtahini hukupima kwa kazi unayoifanya.

Kwa nini ujisumbue na karatasi kama wateja tayari unao? Kwa sababu siku hoteli au saluni kubwa itakapotangaza kazi, au siku utakapotaka kwenda ng'ambo, wao hawawajui wateja wako. Watauliza cheti.

4. Usidharau somo la usafi

Wanafunzi hukimbilia feidi na ndevu, na somo la usafi wanaliona la kupitisha muda. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7. Mkato mdogo shingoni, damu isiyoonekana kwenye wembe, na mteja wa Jumatatu anamwambukiza wa Alhamisi. Choa nacho huhama kwa vichana, taulo na mashine.

Kwa hivyo shika mpangilio. Kwanza ondoa nywele na uchafu kwa brashi, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Kisha tumia spiriti ya kiwango cha 70%, ambayo huua vijidudu vizuri kuliko iliyo safi kabisa. Iache ikauke yenyewe, usiipanguse mara moja. Wembe ni wa mtu mmoja, kisha unatupwa. Mteja akikuona ukifanya hivyo bila kuulizwa, atarudi, na atakuja na mtoto wake.

5. Panga karo kama mradi

Tuchukue mfano tu. Kozi inagharimu 18,000 na vifaa vya kuanzia 9,000. Jumla 27,000. Ukiweka kando 150 kwa siku, siku 6 za wiki, hiyo ni 900 kwa wiki. Baada ya wiki 20 una karo kamili. Baada ya wiki 30 una karo na vifaa.

Wiki 30 ni ndefu, tunajua. Lakini anayeingia darasani na karo ya mwezi mmoja, akitumaini mengine yatajipa, mara nyingi hurudi nyumbani katikati ya kozi, na pesa aliyolipa hairudi naye. Weka pesa hiyo kwenye akiba ya simu iliyo kando na pesa ya matumizi. Ikikaa pamoja na ya unga na nauli, itaenda na unga na nauli.

Na shule ikikubali, lipa kwa awamu. Hata kama unazo zote, usimalize karo yote siku ya kwanza kabla hujaona darasa.

6. Siku ya kulipa

- Lipa kwa nambari ya Paybill au akaunti ya shule, usilipe kwa nambari ya mtu binafsi. "Tuma kwa mhasibu, Paybill ina shida leo" ni sababu ya kurudi kesho.
- Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama si la shule, katiza.
- Kwenye nafasi ya akaunti weka nambari yako ya usajili, si neno "karo".
- Usifute ujumbe wa malipo, na udai risiti ya shule siku hiyo hiyo.
- Ada za serikali, zikiwemo za mtihani, lipia kwenye mfumo rasmi. Malipo ya eCitizen huenda kwa Paybill 222222.
- Ukikosea nambari, tupigie mara moja. Kila dakika pesa inazidi kusogea mbali.

Na ukisikia, "Zimebaki nafasi mbili, tuma 2,000 sasa hivi tukushikie," pumua. Shule ya kweli itakuwepo kesho.

7. Ukianza kazi

Fungua Till ya biashara, usipokee kwa laini yako ya nyumbani. Kila kichwa kikilipiwa hapo, baada ya miezi sita una taarifa ya malipo inayoonyesha biashara inaingiza ngapi. Ukiomba mkopo wa kiti cha pili, hiyo ndiyo itakuongelea. Na mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, usimwachilie kwa huo. Subiri ujumbe wako wewe.

Zoezi la wiki hii

Chagua shule mbili. Zitafute kwenye orodha ya TVETA, kisha ziulize yale maswali manne. Andika majibu kwenye daftari, karo kando ya karo. Usilipe bado. Anza tu na ile 150 ya kwanza, leo jioni.