Taarifa Zilizojificha Kwenye Picha za Droni

Mfano: Umerusha droni kutoka uani kwenu, Soni, ili upige picha ya maporomoko. Moja ya picha ulipiga droni ikiwa bado juu ya paa lenu. Picha yenyewe inaonyesha milima tu. Je, ni salama kuiweka mtandaoni?

Jibu: Hapana. Faili la picha hubeba tarehe, saa, aina ya kamera, mwinuko, latitudo na longitudo za mahali droni ilipokuwa. Kumbuka Jiografia: nyuzi 1 ya latitudo ni takribani kilometa 111. Kwa hiyo:

0.0001 × 111 km = 0.0111 km = mita 11 hivi.

Desimali nne tu zinatosha kumfikisha mgeni mlangoni kwenu.

Hatua za kufuata:
1. Hifadhi picha halisi, usiisambaze.
2. Ifungue, kisha piga picha ya skrini. Ubora utapungua, lakini latitudo na longitudo za picha halisi hazitahamia humo.
3. Fungua maelezo ya faili jipya, uhakikishe hazimo.

Tahadhari: WhatsApp huondoa taarifa hizi ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama hati, hubaki.

Zoezi: Picha inaonyesha kibao chenye jina la shule. Je, hatua hizi zinatosha? (alama 2)

Jibu: Hazitoshi. Huondoa taarifa zilizojificha tu. Kinachoonekana kwa macho hubaki. Kata sehemu yenye kibao kabla ya kusambaza.