Sahihi Iliyo Chini ya Cheti cha Stima

Somo la toleo hili linatuingiza ndani ya nyumba zetu. Tangu mradi wa Last Mile uanzishwe mwaka 2015, ambapo nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma ziliweza kuunganishwa kwa shilingi 15,000, jumuiya nyingi za mashambani zimepata stima kwa mara ya kwanza. Tumefurahi pamoja nazo. Lakini katika vikundi tunavyotembelea, swali moja linarudi kila mara: "Hiki cheti cha waya tunachoambiwa tulete kwa kampuni, kinapatikana wapi?" Halafu kuna mwingine ambaye huongeza, kwa sauti ya chini kidogo: "Na kinauzwa pesa ngapi?" Hilo swali la pili ndilo limetufanya tuandike somo hili.

Tunapendekeza lisomwe kwa sauti katika kikundi. Watu wawili wasimame na kuigiza mazungumzo haya mafupi.

MAMA: Kijana wangu, kazi imeisha?
FUNDI: Imeisha, mama. Balbu nne, soketi tatu. Imebaki stima tu.
MAMA: Na ile karatasi wanayotaka kule ofisini?
FUNDI: Hiyo usijali. Kuna mzee mmoja tauni ana leseni. Nampelekea jina lako na nambari ya kitambulisho, yeye anapiga mhuri. Ni elfu mbili tu.
MAMA: Sasa atakuja lini kuangalia nyumba?
FUNDI: Aje kufanya nini, mama? Yeye ni wa mhuri tu.
MAMA: Na kukitokea shida?
FUNDI: (Anacheka.) Shida gani? Waya ni mpya kabisa.

Hapa kikundi kisimame kidogo na kuulizana: kati ya watu watatu tuliowasikia, yaani mama, fundi na yule mzee wa tauni, ni nani ameiona hiyo kazi kwa macho? Ni nani anajua kuipima? Na ni nani ameweka sahihi kwamba ni salama? Mtaona kwamba majibu hayakutani kwa mtu mmoja. Shida yenyewe iko papo hapo.

Tuanze na sheria. Waya unaotoka kwenye posti mpaka kwenye mita ni wa kampuni ya umeme. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni wako wewe mwenye nyumba, na kazi ya kuuweka, au wayaringi kama mafundi wanavyoiita, hairuhusiwi kufanywa na mtu yeyote tu. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka mtu anayefanya kazi hiyo awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la EPRA. Kabla ya 2019 kazi hii ilikuwa ya tume iliyoitwa ERC, kwa hiyo mkiona karatasi ya zamani yenye jina hilo msishangae. Leseni zina madaraja: A1 ndiyo ya juu kabisa, halafu A2, B, C1, na C2 ndiyo ya chini. Kwa nyumba ya kawaida ya feizi moja huhitaji mtu wa A1. Lakini anayetaka kuweka mashine ya posho au ya kuchomelea inayotumia feizi tatu, amwulize fundi mapema kama daraja lake linamruhusu. Leseni pia huwa na tarehe ya mwisho. Kuiuliza si kumdharau fundi. Mwenye nayo huitoa mfukoni kabla hujamaliza kuuliza! Na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuwasaidia kulitafuta jina hilo katika orodha ya EPRA.

Kazi ikiisha, mwenye leseni anatakiwa aipime yeye mwenyewe au isimamiwe na yeye, kisha ajaze cheti. Cheti huonyesha nyumba ni ya nani na iko wapi, ina taa ngapi na soketi ngapi, vipimo vilisoma nini, na leseni ya aliyefanya ni nambari gani. Hapo ndipo anaweka sahihi. Ninyi mnapeleka cheti hicho Kenya Power pamoja na fomu ya maombi, nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN ya KRA. Ni vizuri pia kuwa na nambari ya mita ya jirani au ya posti iliyo karibu ili wapate boma lenu bila kuzunguka. Kabla ya mita kuwashwa, afisa wa kampuni ana haki ya kukagua na kukataa akiona hatari. Malipo yote ya kampuni yalipwe kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi yao ya makadirio, na mpate risiti. Pesa ya mkononi kwa mtu aliyevaa ovaroli haina ushahidi.

Kwa wanaojenga nyumba mpya mjini au sokoni, ramani ya nyumba hupitishwa kwanza na serikali ya kaunti. Hilo ni jambo lingine na tutaliacha hapo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wanatuambia, "Lakini stima iliwaka! Si basi kazi ni nzuri?" Jamani, taa kuwaka si ushahidi. Taa inahitaji nyaya mbili tu ili iwake: ule unaoleta moto na ule unaorudisha. Katika nyumba za zamani hizo ni nyekundu na nyeusi, siku hizi ni kahawia na buluu. Waya wa tatu, wa kijani au wa kijani na manjano, mafundi wanauita waya wa athi, yaani wa ardhini. Unaweza kuuacha kabisa, usiufunge popote, na kila taa ndani ya nyumba itawaka vizuri, na redio itaimba, na pasi itapata moto. Nyumba itaonekana imekamilika. Waya huo una siku moja tu ya kazi, nayo ni ile siku ambayo moto utagusa bati la pasi au mwili wa friji. Ukiwa umefungwa vizuri mpaka kwenye chuma kilichopigwa ardhini, umeme hupita huko na breka hujikata. Usipokuwepo, umeme husubiri mkono wa mtu.

Mfano wa pili ni wa swichi. Fundi asiyejua anaweza kuweka swichi kwenye waya wa kurudisha badala ya ule wa moto. Ukizima, taa inazima kweli. Lakini kishikio cha balbu bado kina moto wa volti 240, na mtu anayepanda juu ya kiti kubadilisha balbu anaamini kwamba amezima. Hakuna anayeweza kugundua kosa hili kwa kuangalia taa. Hugunduliwa na kipimo.

Wa tatu unatuhusu sana sisi tulio na nyumba za mabati. Waya hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari, bila mfereji wa plastiki wa kuukinga. Ukingo wa bati ni kisu. Upepo unatikisa, bati linasugua, na baada ya muda ngozi ya waya imekwisha. Sasa ukuta mzima una umeme, na pia kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye ukuta huo. Anayeguswa kwanza mara nyingi si mwenye nyumba bali mtoto aliyeenda kuanua nguo mvua ilipoanza.

Ndiyo sababu kuna mashine ndogo ambayo mafundi huiita mega. Hupima kama ngozi ya waya imekaza kila mahali, kabla hata stima haijaletwa. Kwa kanuni za IEE za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamefundishwa, kipimo hicho kisipungue megaohm 1. Mzee wa mhuri aliye tauni hawezi kupima ukuta wako kutoka kwa meza yake. Akiandika nambari kwenye cheti, ameibuni. Sisi tuliofundishwa katekisimu tunajua jina la mtu anayetoa ushuhuda wa jambo ambalo hakuliona.

Tena jambo hili halimalizwi na mita kufungwa. Mara nyingi nyumba ilikuwa nzuri siku ya ukaguzi, halafu ikaharibiwa pole pole. Mwenye ploti anaongeza vyumba viwili vya kukodisha na kuvuta waya kutoka kwa soketi ya chumba cha kwanza. Mwingine ananunua shawa ya maji moto. Tufanye hesabu pamoja: shawa ya wati 5,000 ukigawa kwa volti 240 huvuta ampea karibu 21. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, na haukukusudiwa kubeba mzigo huo. Utapata joto ndani ya ukuta, mahali msipoona. Shawa inahitaji waya wake mnene, breka yake, na waya wa athi bila mjadala wowote, kwa sababu anayeitumia amesimama uchi ndani ya maji. Kazi ya kuongeza kama hii pia ni ya mwenye leseni. Kuhusu ile stima ya "sambaza", ya kuunganishwa usiku kutoka kwenye posti, hiyo haina breka, haina athi, haina wa kuulizwa. (Na tukisema ukweli, hata majumba ya kanisa hayajapona. Angalieni siku ya harambee jinsi spika zinavyounganishwa: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa karatasi ya nailoni.)

Tunajua kwa nini watu hununua mhuri. Mwenye leseni yuko mbali na anadai pesa nyingi, na yule kijana ni wetu, anahitaji kazi. Hatusemi kijana afukuzwe. Sheria haimkatazi kufanya kazi chini ya mwenye leseni, ili mradi mwenye leseni awepo kweli na akubali kwamba kazi ni yake. Kwa hiyo tunapendekeza hivi: nyumba tano au kumi za jumuiya moja zipatane kwa pamoja na mwenye leseni mmoja. Aje siku ya kwanza aonyeshe mahali pa kupitisha waya, vijana wetu wafanye, arudi siku ya mwisho na mega yake apime nyumba baada ya nyumba, wenyewe wakiwa wanatazama. Nauli yake mtagawana. Chama kinachoweza kununua viti mia vya plastiki kinaweza hili pia. Na yule kijana, akiwa na mtihani wa gredi wa NITA na barua ya kuonyesha kazi alizofanya chini ya msimamizi, amejiweka karibu na kuomba leseni yake ya C2. Makanisa yalichangia kuanzisha politeknik za vijijini miaka ya 1960 kwa ajili ya vijana kama huyu, na ni aibu tukimwacha abaki fundi wa kujificha maisha yake yote.

Wakati wa kupatana, msilipe pesa yote. Bakizeni sehemu mpaka cheti kiwe mkononi na mita iwashwe. Mnunue waya na breka kwenye duka linalotoa risiti, na mtafute alama ya KEBS. Afisa wa ukaguzi akikataa kazi, msikimbilie kumpa kitu kidogo. Mwambieni kwa heshima aandike alichokataa ni nini. Kama ni kweli, fundi atarekebisha bila malipo mapya, na mtashukuru. Kama si kweli, ataona ugumu wa kukiandika. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na yasiposikizwa yapelekwe EPRA. Waya wa nje ukianguka, mtu yeyote asiusogelee wala kuusukuma kwa fimbo. Pigeni simu 97771.

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama afanye mambo machache nyumbani kwake, bila kufungua wala kugusa waya wowote. Atafute cheti cha nyumba yake na asome jina lililo chini. Je, mtu huyo aliwahi kufika hapo bomani? Aangalie kwenye sanduku la breka kama kuna ile swichi ya usalama inayojikata umeme ukivuja, ambayo ina kitufe kidogo chenye herufi T. Akibonyeza kitufe hicho, stima inapaswa kukatika mara moja. Isipokatika, au swichi hiyo isipokuwepo, aandike. Azunguke nyumba kwa nje aone mahali waya unapopita kwenye bati. Wapangaji wafanye vivyo hivyo katika vyumba vyao na kumweleza mwenye ploti. Katibu akusanye majibu, ahesabu ni nyumba ngapi zinahitaji kupimwa upya, na orodha hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa mwenye leseni mtakayemchagua ili aseme bei yake.