Gia za Chini na Kufuli ya Difu: Somo kwa Madereva wa Meru na Embu

Mvua zinapoanza katika mwezi wa Machi, na zile nyingine katika mwezi wa Oktoba, njia nyingi za mashambani katika Meru na Embu huacha kuwa barabara. Lami imefika Embu, Chuka na Meru mjini, lakini chai haioti kando ya lami. Huchumwa juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, hupelekwa kwenye vituo vya kununulia, na kutoka hapo ni lazima ifike kiwandani siku ile ile, kama ni Mungania au Rukuriri upande wa Embu, au Kinoro na Githongo upande wa Meru. Jani likilala hupata joto, hugeuka rangi na kuharibika, na jasho la mkulima hupotea nalo. Tena mama aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kungoja tope likauke ndipo apelekwe hospitali ya Chogoria. Kwa hiyo kujua kuendesha gari katika tope si mchezo tu wa watu wapendao kutembelea milima, ingawa hao nao wapo na huzama kama wengine.

Motokaa yenye nguvu katika magurudumu yote manne si jambo geni. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na baadaye zikaja Land Cruiser za Toyota ambazo sasa zimejaa kila mahali. Lakini wengi hununua gari la namna hiyo, au huajiriwa kuliendesha, pasipo kufundishwa kazi ya ule mkono mdogo ulio kando ya mkono wa gia, au ya vile vitufe ambavyo katika magari mapya vimeshika mahali pake. Wengine huogopa wasiuguse kamwe. Wengine huukumbuka baada ya gari kuzama mpaka kwenye akseli. Wote hukosa, ila kosa la pili ndilo la ghali, maana vitu hivi vimefanywa kutumiwa kabla ya taabu, wala si baada yake.

Tuanze na gia za chini. Nyuma ya sanduku la gia za kawaida gari la namna hii lina sanduku jingine dogo, nalo lina njia mbili, ya juu na ya chini. Katika njia ya chini injini huzunguka vile vile, bali magurudumu huzunguka polepole zaidi, kwa kadiri ya mara mbili na nusu hivi katika magari mengi. Kadiri mwendo unavyopungua, ndivyo nguvu kwenye magurudumu inavyozidi. Mtu apandaye mlima na mzigo wa kuni mgongoni hufanya vivyo hivyo: hufupisha hatua.

Wanafunzi wengi husikia neno nguvu, wakasahau neno polepole. Huingiza gia za chini, huchagua gia ya kwanza, kisha hukanyaga mafuta kwa hasira. Juu ya udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, uliolowa mvua, jambo hilo ni kama kupaka sabuni chini ya magurudumu. Udongo ule hujaa katika meno ya tairi, na tairi huwa laini kama kipara. Dereva mwenye maarifa huchagua gia ya pili au ya tatu katika zile za chini, ili magurudumu yasipate nguvu ya kupita kiasi, naye hukanyaga mafuta kidogo pasipo kubadili mguu wake. Gia ya kwanza huiweka kwa mawe, kwa magogo na kwa kuteremka.

Katika kuteremka ndipo gia za chini zinapookoa maisha ya watu. Njia nyingi za Meru na Embu hushuka ghafula katika makorongo ya mito kama Thuchi, Nithi na Mutonga, kisha hupanda tena upande wa pili. Dereva asimame juu kabla ya kuanza kushuka, aingize gia ya kwanza ya chini, aondoe mguu kwenye klachi, na kuiacha injini ilishike gari. Breki aiguse kidogo sana au asiiguse. Magurudumu yaliyoshikwa na breki juu ya tope hayazunguki, na gurudumu lisilozunguka halisikii usukani; gari huteleza kama ubao. Nalo likianza kuteleza, mguu wa mwanafunzi utataka kukimbilia breki. Ni afadhali akanyage mafuta kidogo, ili magurudumu yaifuate kasi ya gari na kushika tena. Jambo hilo huonekana kama wazimu kwa mtu anayelisikia mara ya kwanza, na ndiyo sababu yafaa kulizoea kwenye kilima kifupi chenye mwisho mpana.

Gari likishindwa kupanda, dereva asijaribu kuligeuza katikati ya mlima. Magari mengi hupinduka namna hiyo, kwa sababu yanapokaa kukingama na mteremko, uzito wote huegemea upande mmoja. Akanyage breki, avute na ile ya mkono, aingize gia ya kurudi nyuma katika zile za chini, kisha arudi kwa njia ile ile aliyopandia, moja kwa moja, injini ikilizuia gari na klachi ikiachwa. Watu waliokuwa wakisukuma waondoke nyuma kwanza. Hata mahali patambarare msukumaji asisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka ovyo, maana jiwe litokalo hapo huruka kwa nguvu.

Sasa difu. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kama askari wanaogeuka kwa mstari mmoja uwanjani: aliye mwisho wa nje hupiga hatua kubwa, na aliye ndani hukanyaga karibu mahali pale pale. Kama magurudumu yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburutwa. Difu ndiyo inayoyapa ruhusa ya kuzunguka kwa mwendo tofauti, na juu ya barabara nzuri hakuna mtu anayekumbuka kwamba ipo.

Ubaya wake huonekana katika utelezi. Difu hugawa nguvu sawasawa kwa pande zote mbili, wala haiwezi kulipa gurudumu moja zaidi ya ile inayopokelewa na mwenzake. Mkulima anayelima kwa ng'ombe wawili huko Mbeere ataelewa upesi: ng'ombe mmoja akikataa kuvuta, nira hupinda, na yule mwenye nguvu hana la kufanya. Gurudumu la kushoto likiwa juu ya tope lisilo na mahali pa kushika, huzunguka ovyo, na lile la kulia, lililo juu ya changarawe ngumu, husimama kama mtazamaji. Kufuli ya difu huyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, hata lile lililo juu ya changarawe likalazimika kufanya kazi.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, kwa kuwa kufuli si moja. Land Rover za Defender, na Range Rover iliyotoka mwaka 1970, zina difu ya katikati baina ya akseli ya mbele na ya nyuma, nayo ina kufuli yake. Magari mengine, kama Land Cruiser za kazi na Land Rover za zamani zilizo nyingi, hayana difu ya katikati. Mkono wa magurudumu manne ukivutwa, akseli mbili hufungwa pamoja moja kwa moja, na katika baadhi ya hizo ni lazima kwanza dereva ashuke azungushe habu za magurudumu ya mbele kwa mkono. Zaidi ya hayo, magari mengine yana kufuli katika akseli ya nyuma, na machache hata katika ile ya mbele. Mwanafunzi aulize gari lake lina kufuli gani kabla ya kufika matopeni, maana gari lililofungwa katikati tu bado laweza kusimama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure.

Kufuli ifungwe mapema, gari likiwa limesimama au likienda kama mtu anayetembea, usukani ukiwa umenyooka. Kuifunga wakati gurudumu moja linazunguka kwa kasi ni kugonga chuma kwa chuma, na meno yanaweza kuvunjika. Ifunguliwe mara tu ardhi inapokuwa ngumu. Gari lililofungwa difu likikata kona juu ya lami kavu huwa zito, tairi hulalamika, shafti hujipinda kwa nguvu isiyo na mahali pa kutokea, na siku moja kitu hukatika. Taa ikibaki inawaka baada ya kufunguliwa, si lazima kuwa gari ni bovu; mara nyingi inatosha kurudi nyuma hatua chache, na ile nguvu iliyojikunja hulegea.

Kuna mahali ambapo kufuli ya nyuma humdhuru mwenyewe, na mahali hapo ni pengi katika wilaya za mlimani. Barabara za udongo hutengenezwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yaende kwenye mitaro. Gari linapopita pembeni, limeinama kuelekea mtaro. Difu ikiwa wazi, gurudumu moja likiteleza, lile lingine lisilozunguka huweza kushikilia mkia wa gari usiende pembeni. Difu ikifungwa, yote mawili huteleza kwa pamoja, na mkia wote hushuka mtaroni taratibu huku dereva akitazama. Juu ya mgongo wa namna hiyo ni heri kuiacha kufuli ya nyuma wazi, kushika katikati ya barabara, na kutegemea gia za chini na mguu mtulivu. Lori la chai hufunga minyororo kwenye tairi kwa sababu hiyo hiyo, na gari dogo halioni aibu kuiga.

Udongo mweusi wa nchi ya chini, kama ule wa Mwea na wa sehemu za Hifadhi ya Meru, una desturi nyingine. Ukiwa mkavu hupasuka. Ukilowa hunata na kuvimba, hata ukajaza nafasi yote kati ya tairi na bati. Hapo gari halitaki kwenda polepole mno. Linahitaji mwendo wa wastani usiokatika, na difu iliyofungwa kabla ya kuingia. Kama nyayo za magari ya mbele zimezama kupita kimo cha akseli, hakuna kufuli itakayosaidia, kwa kuwa tumbo la gari litakaa juu ya udongo na magurudumu yataning'inia. Ni afadhali kushuka, kuchoma fimbo chini, na kurudi nyuma kama haipati mwisho.

Macho hayo hayanunuliwi pamoja na gari. Katika mbio za Safari za mwaka 1963, na tena za mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza kila mara, na mara zote mbili Nick Nowicki ndiye aliyeshinda kwa Peugeot 404, gari la kawaida lenye nguvu katika magurudumu mawili tu.

Dereva anayezungusha magurudumu ovyo hajidhuru peke yake. Huchimba mashimo mawili marefu, maji hulala humo usiku, na asubuhi lori la chai huyakuta. Kwa miaka mingi njia ipandayo kutoka Chogoria mpaka lango la Hifadhi ya Mlima Kenya, karibu kilomita 30 ndani ya msitu, ilijulikana kwa mashimo ya namna hiyo, na mengi hayakuchimbwa na mvua.

Mwanafunzi aanze kujifunza siku ya jua, mahali penye udongo mgumu, dereva mzoefu akikaa kando yake. Aingize gia za chini na kuzitoa mara nyingi mpaka mkono uzoee, maana katika magari mengi ni lazima gari lisimame kwanza. Apande na kushuka kilima kile kile bila breki. Ndipo aende kwenye tope, akiwa na koleo, kamba imara, na gari la pili la kumvuta. Na baada ya kuvuka mto wenye maji yanayofika kwenye akseli, afungue kifuniko cha difu na kuyatazama mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, nayo hayana budi kumwagwa na kubadilishwa kabla ya safari nyingine.