Hidrojeni Kutoka kwa Taka: Vijidudu Hufanyaje Kazi?

Mashamba na masoko ya Kakamega hayakosi taka zinazooza: samadi, maganda ya ndizi, majani ya mboga, na molasi ya viwanda vya sukari. Taka hizo zina nishati, na vijidudu visivyohitaji hewa vinaweza kuitoa.

Hatua tatu

Kwanza, vijidudu huvunja wanga na nyuzi za mimea kuwa sukari. Pili, bakteria kama Clostridium hula sukari hiyo na kutoa asidi, kaboni dioksidi na hidrojeni. Tatu, kundi jingine hula asidi na hidrojeni na kutoa methani, gesi inayowaka jikoni.

Kwa hivyo mtambo wa bayogesi wa nyumbani tayari hutengeneza hidrojeni, ila huliwa kabla ya kufika kwenye bomba. Anayeitaka sharti azuie hatua ya tatu. Watafiti huchemsha tope la kuanzishia: Clostridium huvumilia joto, vijidudu vya methani hufa. Kisha mchanganyiko huwekwa kwenye pH ya karibu 5.5, kwani vijidudu vya methani hupenda karibu 7.

Faida na vikwazo

Hidrojeni ikiungua hutoa maji, bila moshi. Lakini mavuno ni haba: molekuli moja ya glukosi ingeweza kutoa 4 za hidrojeni, ila mara nyingi hupatikana 2 hivi. Nishati nyingi hubaki kwenye asidi. Gesi hiyo pia huvuja upesi na hulipuka, isijaribiwe nyumbani. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2023 umeegemea hidrojeni inayotolewa kwenye maji kwa umeme.

Linalowezekana leo

Kwa jikoni, bayogesi ndiyo iliyo tayari. Kilo 25 hivi za samadi kwa siku, kutoka kwa ng'ombe 2 au 3 wa zizini, zikichanganywa na maji kiasi sawa, hutoa takriban mita 1 ya ujazo ya gesi. Kuni zinapungua, Msitu wa Kakamega unapumua, na tope linalobaki ni mbolea.

Mwali ukififia baada ya kuongeza maganda au molasi nyingi, huenda asidi imezidi na vijidudu vya methani vimelemewa. Simamisha kulisha mtambo siku chache, kisha anza tena kwa samadi pekee, kidogo kidogo.